Kalibu Zilizotoka kwa Mlango wa Nyuma

4 Februari

Wifi yangu Mama Pacha,

Kwanza pokea salamu, na kabla hujazimaliza pokea lawama. Mwezi wa pili huu sijaona hata bahasha tupu kutoka kwenu. Kaka namwelewa, yeye na kalamu ni paka na panya tangu utotoni. Lakini wewe, katibu mzima wa tawi la chama cha wafanyakazi, unayewaandikia barua watu wote kiwandani, mistari miwili ya kuniandikia mimi inakushinda? Usiniringie, Wifi. Nilikuwepo siku ulipokuja kwetu mara ya kwanza ukammwagia Mama chai mapajani.

Sasa kaa chini nikupe habari. Wifi yako kapandishwa cheo huku ugenini! Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita yalishushwa hapa kiwandani makasha makubwa ya mbao yaliyokuja kwa ndege. Ndani mlikuwa na kalibu za mabuti ya mpira, saizi zote, kushoto na kulia. Sisi hapa tumezoea kukandamiza soli na kandambili, mabuti hatujawahi. Injinia akazifunga kalibu kwenye mashine, akatia moto, akatia mpira, akakandamiza. Buti la kwanza likatoka kisigino kimejaa malengelenge. La pili vivyo hivyo. Wiki nzima mabuti yanatoka yanapasuka kisigino, na meneja anapita pale kavimba kuliko visigino vyenyewe.

Mimi nilijua ugonjwa siku ya kwanza. Unaikumbuka karakana ya Mjomba, mimi na Kaka tulikokuwa tunakandamiza vipira vya magari kabla yeye hajaajiriwa hapo kiwandani kwenu? Kaka ndiye aliyenifundisha: mpira ukiufungia kwenye kalibu pamoja na hewa yake, utakuaibisha. Shusha mashine, hesabu mbili, iinue kidogo ipumue, ndipo uishushe moja kwa moja. Na pembe ya kisigino uipake sabuni ya mche. Nikapiga moyo konde, nikamwendea injinia na lugha yao ninayoiokoteza, akanitazama kama ninamuuzia nyanya. Nikamwonyesha. Buti likatoka linang'aa, halina hata kipele! Wakanipigia makofi. Makofi, Wifi, mimi!

Tangu siku hiyo ndimi kiongozi wa mabuti. Nimewafundisha watu wa zamu zote tatu. Ovataimu ni kila siku mpaka Jumamosi, na wenzangu wananiita Mleta Neema.

Mashine zao ni zile zile za kwenu, si tajiri ni mmoja. Ila hapa kila mashine ina vitufe viwili vilivyoachana, sharti ubonyeze kimoja kwa kila mkono, la sivyo haishuki hata uibembeleze. Mtu hata pua huwezi kujikuna. Kaka angecheka sana.

Msalimie Mama, nibusie pacha. Na mwambie Kaka mbinu yake imesafiri bila tiketi.

Wifi yako mwenye cheo,
Chiriku

*

19 Februari

Wifi Chiriku,

Barua yako nimeipata jana. Lawama nimezipokea, nimeziweka kabatini pamoja na za mwaka jana. Hongera kwa cheo.

Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua. Pacha wanabadilisha meno na wanacheka kama vizee. Kaka yako hajambo, anakusalimu. Mkono unamuuma kidogo ndiyo maana haandiki, na wewe mwenyewe umeshasema habari za paka na panya.

Nina maswali, nakuomba uyajibu hata ukiyaona ya kipuuzi. Kwanza, katika hizo kalibu, ipo ya saizi nane, mguu wa kushoto, iliyobonyea kidogo karibu na kidole gumba? Pili, makasha yalifika tarehe ngapi? Tatu, hivyo vitufe viwili nichoree. Chora sawasawa, na waya unakopita. Ubavuni mwa mashine kuna kibati cha chuma chenye maandishi na namba. Nakili kila kitu, hata usichokielewa.

Barua hii usimwonyeshe mtu. Ni mambo ya ofisi ya chama tu.

Niwie radhi kwa ufupi, kazi zimenibana.

Wifi yako,
Mama Pacha

*

3 Machi

Wifi,

Barua gani hii? Nimeisoma mara tatu nikitafuta utani wako ulipojificha, nikaambulia maswali ya polisi. Mnataka kufungua kiwanda chenu nini? Basi nami niajirini, najua bei yangu.

Majibu haya hapa. Makasha yalifika tarehe kumi na nane Januari. Kalibu ya saizi nane mguu wa kushoto ipo, na imebonyea hapo hapo ulipopataja, kama mtu kaigusa kwa kidole ikiwa bado laini. Tunaiita Kilema. Sasa wewe umeijuaje? Nimejiambia labda mmeletewa kalibu mpya, sisi tukatupiwa mitumba yenu. Ndivyo nilivyojiambia, lakini usingizi sikuupata vizuri.

Mchoro huo nimeuchora wakati wa chai, nikijifanya naandika hesabu ya mabuti. Msichana anayekata pindo la mpira linalozidi kwenye buti akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia namchorea mchumba wangu. Kibati nimekinakili chote, herufi kwa herufi, mpaka mwaka mashine ilipotengenezwa.

Wifi, kimya kingi kina mshindo mkuu, na wewe umenyamaza hata ndani ya maneno. "Anakusalimu." Kaka hajawahi kunisalimu hivyo. Kaka hunitukana kwanza. Kama Mama ni mgonjwa niambie. Kama mmegombana niambie, nitawapatanisha au nitawachochea, kutegemea nani mwenye makosa.

Mstari wa mabuti unakwenda mbio. Wiki iliyopita meneja alinipeleka kwa wageni waliovaa suti, akaniambia niwaonyeshe namna ya kuipumulisha kalibu. Nikawaonyesha.

Nasubiri, roho juu.

Chiriku

*

16 Machi

Wifi yangu,

Nimeichana barua hii mara mbili. Sasa naandika bila kurudi nyuma.

Tarehe mbili Desemba, saa tano asubuhi, mashine namba nne ilishuka juu ya mkono wa kulia wa kaka yako. Alikuwa ameiinua ili kalibu ipumue. Akaona mpira umeteleza kwenye kisigino, akapeleka mkono kuurudisha. Pedali ya mguu inayoiendesha ikakwama, mashine ikashuka yenyewe. Vidole vinne vimekwenda, limebaki gumba. Yeye ni wa tatu ndani ya mwaka mmoja.

Tuliomba mashine ziwekewe kizuizi cha kulinda mikono. Meneja akatujibu kwa maandishi, na barua yake ninayo, kwamba mashine za aina hii hazina kizuizi popote duniani, anayeogopa aende akalime. Tarehe sita Januari tukagoma. Tarehe kumi kalibu zote za mabuti zikatolewa kwa mlango wa nyuma zikapakiwa kwenye lori, na sisi tumekaa mlango wa mbele tunaimba. Kwa sauti nzuri sana. Hiyo Kilema mnayoitania iliwahi kuniangukia mimi na toroli lake, ndiyo maana naijua.

Mabuti unayoyakandamiza ni kazi yetu, Wifi.

Meneja alitutangazia tugome mpaka tuote mvi, mabuti yatatoka kwingine. Hatukutishika, kwa sababu tulijua bila ile mbinu hayatoki. Ndiyo ilikuwa ngao yetu pekee. Mwisho wa Januari walituma mtu kuuliza kama tuko tayari kukaa mezani. Halafu ghafla wakanyamaza. Barua yako ndiyo iliyonieleza kwa nini.

Nitakuambia ukweli wote maana nusu yake imeshatugharimu. Nilipofika pale ulipoandika makofi, niliitupa barua chini. Siku nne nilikuchukia. Ya tano nikajiuliza, angejuaje, na nani aliyemficha? Mama alisema mtoto yuko ugenini, msimtie presha. Kwangu mimi kutii kulikuwa rahisi kuliko kukuandikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilijua methali hiyo.

Kaka yako nilimsomea barua yako yote. Nilipofika pale ulipoandika iinue kidogo ipumue, aliinuka akaenda uani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Lakini mchoro wako! Nimeuweka mezani kwenye kikao cha tawi pamoja na nakala ya kibati. Nikaenda mimi mwenyewe na wenzangu wawili kwa ruhusa ya mlinzi aliye upande wetu, tukasoma kibati cha mashine namba nne. Aina ni ile ile, mwaka ni ule ule. Fundi wa boila akacheka kwa hasira mpaka akakohoa. Nakala tumeituma kwa shirikisho la kimataifa linalounganisha vyama vyetu, nao watawaandikia chama cha huko kwenu.

Ninachokuomba ni kimoja. Nenda kwenye chama chako. Usifanye kitu peke yako, hata kwa uchungu. Ukiacha kazi leo, kesho watamweka mwingine, na mbinu anayo tayari.

Mama Pacha

*

30 Machi

Wifi,

Nilisoma barua yako chooni kazini, mlango nimeubana kwa mguu. Nililia mpaka mtu akagonga akadhani naumwa. Nina hasira na wewe, na Mama, na Kaka mwenyewe. Tangu Desemba! Mmenikalisha hapa nacheka peke yangu kama mwehu, nawaonyesha watu wa suti namna mkono wa kaka yangu ulivyopotea. Nawapenda lakini hili sitawasamehe haraka.

Basi tuseme imetosha. Sasa na mimi nifunue yangu, maana nami si msafi. Niliwaambia nyumbani kwamba nina mkataba wa kudumu. Sina. Nina wa mwaka mmoja, unaisha mwisho wa Mei, na kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba huo. Wasipouongeza, nina siku saba za kuondoka. Na kwenye chama sikuwa mwanachama. Waliniambia wageni wakijiunga hawaongezewi mkataba, nikaona mtu hujikuna ajipatapo.

Siku ile ile nilikwenda kwa mwenyekiti wa tawi. Tunamwita Masharubu kwa sababu akiingia mahali hayo ndiyo hutangulia. Ofisi yake iko nyuma ya kantini, chumba cha mifagio na meza yenye droo isiyofunguka. Alinisikiliza huku anamenya yai. Kisha akasema: "Binti, unajua watu wangu wanavyoipenda hiyo ovataimu? Wengine wamelipia paa la nyumba." Nikamwonyesha barua yako. Nikamfasiria ile habari ya kizuizi kisichokuwepo popote duniani. Akaliweka yai chini. Akauliza kama mimi ni mwanachama, nikatazama miguu yangu. Akavuta fomu, nikajaza pale pale.

Sheria ya hapa hairuhusu kugoma kwa ajili ya wengine. Lakini ovataimu ni hiari, na kalibu zote zile haziwezi kwenda bila ovataimu. Kwa hiyo Alhamisi, wakati wa chakula, Masharubu alinipandisha juu ya benchi kantini. Lugha ikanikimbia yote, Wifi, ikabaki ya kuombea chumvi. Nikasema tu hivi: "Mimi ndiye niliyewafundisha kuiinua mashine ipumue. Mimi nilifundishwa na kaka yangu. Mashine kama hizi, zisizo na vitufe, zimemkata vidole vinne. Mabuti haya ni kazi ya wenzake, nao wako nje ya geti. Sikujua. Sasa najua, na nyie mmejua."

Wapo waliozomea. Mchomeleaji mmoja akauliza kama hao ndugu zangu watamlipia kodi ya nyumba. Hapo ndipo akasimama yule msichana wa kukata pindo, ambaye kumbe si msichana, ana wajukuu. Akasema vitufe hivi havikuja na mashine. Vilifungwa baada ya mgomo wa hapa hapa, miaka kumi na miwili iliyopita, na yeye alikaa nje wiki tisa na mimba ya mtoto wake wa mwisho. Tajiri wakati ule naye aliapa kwamba havipo.

Kura ya kukataa ovataimu ya mabuti ni Ijumaa. Siombi mniombee, maana sijui niombe kipi. Wakikubali itajulikana kwamba jambo lilianzia kwangu. Wakikataa nitakandamiza buti gani tena?

Na nijibu hili kwa ukweli, usiniandikie "anakusalimu". Kaka ananilaani?

Chiriku

*

12 Aprili

Wifi yangu,

Teleksi ya shirikisho ilifika Jumatatu. Niliwasomea watu getini, juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa benchi hatuna. Kwamba wafanyakazi wa huko wamepiga kura, wengi kwa tofauti ya watu kumi na wanane, kutofanya ovataimu yoyote ya mabuti mpaka mgomo wetu umalizike kwa mazungumzo. Nilipomaliza hakuna aliyeshangilia. Watu walitazamana. Wiki kumi na tatu tumekaa pale tukidhani dunia imetupa kisogo, halafu watu tusiojua hata wanakula nini wanaacha mapato yao. Mtu mmoja alianza kulia, wakaambukizana. Kuimba kulikuja baadaye.

Siku mbili baadaye meneja alituita mezani. Nikaweka barua yake upande huu na mchoro wako upande ule. Akasema mchoro si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuchora. Mwenyekiti wetu akamwambia basi tupigie simu kiwanda chenu kile, tumwombe injinia atazame ubavu wa mashine, sisi tutasubiri. Hakupiga.

Sasa kuhusu swali lako. Nilimsomea kaka yako barua yako usiku ule ule... hapana, sitatia chumvi, nilisubiri siku mbili kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, naandika kama alivyosema: "Mwambie mbinu haina kosa. Alichokosa ni kuwa na ndugu wanaomwambia mambo. Na mwambie kama angewafundisha vibaya akaniharibia jina, ndipo ningemlaani." Halafu akakutukana. Tusi lenyewe unalijua, siliandiki.

Anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Jana alishinda na shati moja asubuhi nzima, na nilikatazwa kumsaidia. Ana hasira na kila kitu chenye vifungo.

Wewe je? Umeandika kuhusu mkataba wako kama mtu anayetaja mvua. Nimekisoma kipande hicho mara nyingi kuliko vingine. Niambie hali ilivyo.

Mama Pacha

*

20 Aprili

Wifi,

Naona barua zetu zitapishana njiani, lakini siwezi kungoja.

Nimeitwa ofisini. Walikuwa watatu, na chai waliniwekea. Chai ya ofisini si dalili njema. Wakasema kiwanda kinapunguza watu wa mkataba. Kinapunguza mtu mmoja, Wifi, na ni mimi. Hawakutaja benchi wala kura. Walinishukuru kwa mchango wangu katika mabuti. Nilitaka kucheka.

Masharubu amepeleka malalamiko. Amepiga meza mpaka ile droo ikafunguka. Lakini mimi ni mwanachama wa majuma machache na mkataba unaisha wenyewe, kwa hiyo kisheria hawajanifukuza, wameacha tu kuniongeza. Ananiambia nisikate tamaa huku macho yake yanatazama dirisha.

Kwa hiyo nafungasha. Nina sanduku moja na nusu. Koti zito nitamwachia yule bibi wa pindo. Tiketi ni ya tarehe thelathini Mei. Ninachoogopa ni pale stendi, watu watakaponiuliza nimeleta nini. Nilijenga ndoto nyingi juu ya kazi hii, Wifi. Nilitaka kumtibia Mama magoti. Nilitaka nirudi siku moja nikiwa mtu. Usiku... basi, niishie hapo, nisije nikalowesha karatasi.

Sikilizeni lakini. Msije mkapoteza vitufe kwa ajili yangu. Nasikia mmeweka kwenye madai yenu kwamba asiadhibiwe mfanyakazi wa kiwanda chochote kati ya hivi viwili. Wakikataa hilo, achieni. Vidole vya watu ni vingi, mimi ni mmoja. Kaka usimwambie mpaka nifike.

Huku ovataimu bado hawaifanyi. Mchomeleaji yule aliyeuliza habari za kodi, jana alinipa nusu ya mkate wake.

Dada yenu,
Chiriku

*

9 Mei

Wifi yangu,

Simu ya maandishi niliyokutumia leo mchana ilikuwa na maneno saba kwa sababu ndiyo yaliyotosha kwenye fomu. Mengine ni haya.

Barua yako ilifika tarehe mbili. Kaka yako nilimwambia saa hiyo hiyo. Nimeapa sitamficha mtu wa nyumba hii kitu tena, hata siku ya kuzaliwa.

Jumanne tulikuwa na mkutano wa wagomaji wote. Kampuni ilikuwa imekubali vipengele vitano. Kati yavyo vimo vitufe kwa kila mashine, pedali mpya, waliokatwa walipwe na wabaki kazini kwa kazi wanazoziweza. Kilichobaki ni cha sita, kwamba mfanyakazi anayeachishwa kwenye kiwanda kile kingine aongezewe mkataba. Hicho walisema si cha kwetu, ni mambo ya nchi nyingine, na wakatupa mpaka Ijumaa. Tusaini vitano tuingie kazini Jumatatu, au tukae nje.

Nilisoma kama katibu. Nikasema tu ndiye aliyepanda benchi kututetea, sikusema kwamba ni wewe. Wifi, watu wetu wamekonda. Wiki ya kumi na nane. Wapo waliouza vitanda. Nilipowatazama nilijua jibu, na sikuweza kuwalaumu.

Kaka yako akaomba kusema. Hajasema hadharani tangu Desemba. Akasema: "Huyo mnayesomewa habari zake ni dada yangu, tumbo moja. Ameandika mwenyewe kwamba tusaini. Mimi ndiye niliyekatwa, na mimi ndiye kaka yake, kwa hiyo nina haki ya kuwaambia. Sainini. Sitaki mtoto wa mtu alale na njaa kwa ajili ya nyumba yangu." Kisha akabaki amesimama, hajui akae au atoke.

Kwenye idara ya kufunga mabuti yuko mama mmoja mjane, tunamwita Bi Maboksi. Mgomo mzima hajawahi kunyoosha mkono kuzungumza. Siku hiyo hakunyoosha pia, alianza tu. Akasema: "Kaa chini, baba. Huyo si dada yako peke yako. Sisi tumekaa hapo nje, nani alituletea hata kivuli? Yeye kasimama juu ya benchi ugenini, na alijua atafukuzwa. Leo nirudi kazini na vitufe vyangu viwili, yeye kafungasha kwa ajili yavyo? Nitavibonyeza kwa mikono gani?"

Mtu fulani nyuma akamwambia njaa haina shukrani. Akajibu bila kugeuka: "Njaa naijua kabla yako. Imenizoea."

Tukapiga kura kwa mikono. Nilihesabu mara mbili, nikamwita mwenyekiti naye ahesabu. Waliotaka tusaini vitano, sitini na mmoja. Waliotaka tukae nje mpaka cha sita kiingie, mia mbili na kumi na nne. Kaka yako hakupiga upande wowote. Alikuwa ameinamia magoti yake, watu wawili wamemshika mabega.

Jumatano tukatuma teleksi kwa shirikisho, nao wakaipeleka kwa Masharubu. Nasikia aliisoma kantini, na Alhamisi watu wenu wakaanza kukataa kugusa kalibu zetu hata saa za kawaida, sheria ikatae isikatae. Leo saa nne asubuhi wamesaini. Vyote sita. Una mkataba wa miaka miwili, na nakala iko kwenye faili langu. Fungua sanduku, Wifi. Koti usimwachie mtu, baridi bado ipo.

Mama analia na kucheka, na ananitaka niandike kwamba magoti yake hayana haraka.

Lakini nilichotaka kukuambia hasa ni hiki. Jumanne ile, tulipomaliza kuhesabu na watu wanatoka, Bi Maboksi alinivuta mkono pembeni. Alikuwa anaona haya kidogo. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Katibu, hivi huyo binti anaitwa nani?"

Wifi yako,
Mama Pacha